Saa Kumi na Moja Nyumbani kwa Mama Khin

Mwanangu, siku nyingi za ujana wangu zimechanganyika, siwezi tena kukuambia ipi ilitangulia ipi. Lakini ipo siku moja ninayoikumbuka kwa saa na dakika zake, kwa sababu ni saa yenyewe niliyoikosea. Ilikuwa hapa hapa Buffalo, katika mtaa wa Black Rock, wakati wa baridi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilijiona nimekwisha kuijua Amerika yote.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kufunga maboksi katika kiwanda kimoja kule Tonawanda. Kwenye meza yangu alisimama mama mmoja wa Burma, mwembamba, mwenye mikono ya haraka kuliko yetu sote, aliyeitwa Khin. Alikuwa pia jirani yangu, nyumba yake ya mbao ilikuwa ya pili kutoka yangu. Asubuhi tulipanda gari moja, yeye na mimi na chupa yake ya chai. Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kuokota, lakini watu wawili wanaofunga maboksi saa nane kwa siku hawahitaji maneno mengi. Mtoto wangu wa kwanza alipougua homa, ni yeye aliyekaa naye siku mbili ili nisikose kazi. Nakuambia hili ili ujue kwamba sikuwa namsaidia mgeni. Nilikuwa namsaidia mtu wangu.

Mume wake, Mzee Hla, alikufa kwa moyo. Alizikwa siku ya tatu, na mimi nilikwenda. Nilifika pale nikiwa na kilio changu tayari kifuani, kama tunavyofanya kwetu. Wewe umekulia hapa, labda umeona mara chache tu: mama wa Kikongo anaingia kwenye msiba akilia kuanzia barabarani, ili mwenye kufiwa asikie kwamba mwingine amekuja kubeba naye. Lakini nilipomwona Mama Khin ameketi wima, macho makavu, mikono imekunjwa mapajani, kilio changu kikakwama. Watu wake wote walikuwa kimya. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba watu hawa hawana uchungu kama sisi. Ndivyo nilivyosema, na leo bado naona haya.

Jioni ile nilimpelekea supu, na yeye mwenyewe akanieleza. Nami nitakueleza polepole, kwa sababu mimi pia nilielezwa polepole.

Wabuddha wa kwao husema kwamba mtu akifa, kwa siku saba bado yuko karibu na nyumba yake. Hajui vizuri kwamba ameondoka. Anasikia sauti za watu wake. Kwa hiyo kila siku wanamwekea wali kidogo na kikombe cha maji, na hawalii kwa sauti, kwa sababu akisikia mke wake analia atasitasita mlangoni na safari itamshinda. Siku ya saba wanaita watawa wao, wale wenye kunyoa vichwa na kuvaa nguo nyekundu iliyokolea. Wanawalisha, wanasikiliza mafundisho, kisha mwenye kufiwa anamimina maji tone kwa tone kutoka jagi dogo hadi bakulini. Maana yake ni kwamba mema yote yaliyofanyika siku ile, chakula kile na heshima ile, anagawiwa marehemu awe nayo njiani. Baada ya hapo anakwenda. Nyumba inabaki ya walio hai.

Mimi ni Mkristo, mwanangu, na sikuambii uamini hayo. Nakuambia ili uelewe kwa nini yule mama alikuwa na macho makavu. Alikuwa anashikilia kilio kwa siku saba, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke, kwa ajili ya mume wake.

Sasa, siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Mama Khin alikuwa na mtoto mmoja tu, Aung, aliyeishi Columbus, fundi wa magari. Alikuja kuzika, akarudi kazini, na Jumamosi alikuwa aje tena asubuhi, akileta mtawa mzee wa kule aliyemfahamu marehemu tangu kambi ya wakimbizi kule Thailand, pamoja na mtawa mwingine kijana. Safari ya zaidi ya saa tano. Ndugu zake wengine wa Burma hapa Buffalo wangekuja, lakini wengi walikuwa zamu ya Jumamosi. Mama Khin alikuwa peke yake, na aliwaza jinsi atakavyopika kwa ajili ya watu wote wale huku usiku hapati usingizi.

Nikamwambia aache. Nikamwambia kwetu mwenye kufiwa hapiki, akigusa sufuria ni aibu ya majirani. Wamama wa kanisa letu watapika kila kitu, yeye aandae wali tu. Alinishika mikono yote miwili. Akasema jambo moja tu analoomba, na akalisema mara mbili: watawa hula kabla ya saa sita mchana. Jua likishapita katikati, hawatii chakula mdomoni mpaka kesho yake. Kwa hiyo chakula kiwe mezani saa tano asubuhi. Alilisema kwa Kiingereza, kwa hesabu ya Kiingereza, ambayo huanza kuhesabu usiku wa manane wala si alfajiri kama yetu. Kwa hesabu hiyo, saa tano yetu inaitwa kumi na moja. Mwanangu, umekwisha kuona ninakokwenda.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko kiwandani, nilimpigia simu Koko Mapendo. Koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu Wakongo, na yeye alikuwa bibi wa kanisa zima. Alitoka milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa mrefu, alizungumza taratibu, na hakuna msiba wa watu wetu katika mtaa wa West Side uliopikwa bila yeye. Usiku ule ule nilikuwa nimekwisha kuwaarifu wamama, na wawili walikuwa na wasiwasi kama Mkristo anaweza kupikia watawa wa dini nyingine. Koko alikuwa amekwisha kuwajibu kwamba wanakwenda kupika sombe ya majani ya mihogo, hawaendi kubatizwa upya. Hapo maneno yakaisha. Kilichobaki ni saa.

Saa ya ukutani kiwandani ilikuwa mbele ya macho yangu. Mwaka mzima nilikuwa nikiisoma kwa Kiingereza, naingia kwa Kiingereza, natoka kwa Kiingereza. Nikamwambia Koko: Jumamosi, saa kumi na moja.

Koko akarudia. "Saa kumi na moja? Donc, mangaribi, jua ikienda kuzama?"

"Koko, nimesema saa kumi na moja. Mimi njo nilizungumuza na mwenye kufiwa, tena kwa Kiingereza."

"Nilikuwa nauliza tu, mwanangu. Kwa sababu kilio ya siku ya saba, kawaida batu..."

"Mutafika tu ile saa, Koko. Niko kwa kazi."

Nikakata simu. Nikawaambia wenzangu mezani kwamba wazee wetu wanapenda kuuliza kitu kimoja mara kumi. Walicheka. Nami nikacheka, nikajiona mtu mkubwa.

Jumamosi ilifika na jua, siku kavu, barabara zote safi. Saa tatu za asubuhi nilikuwa kwa Mama Khin. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, mkeka umetandikwa, picha ya Mzee Hla iko juu ya meza ndogo pamoja na maua. Jikoni palikuwa na sufuria moja kubwa ya wali na chai. Hakuna kingine. Yule mama aliniamini kabisa, hata kitunguu hakumenya.

Saa nne kamili, Aung akaingia na watawa wawili. Mtawa mzee alikuwa na miwani na mwendo wa taratibu, alivua viatu vyake mwenyewe akakataa kusaidiwa. Aliketi kwenye mkeka mbele ya picha, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Niliingia jikoni nikampigia Koko kumuuliza wamefika wapi.

"Tuko napika," akasema. "Nyama njo inaingia kwa moto sasa hivi. Sombe bado kutwangwa. Si ulisema saa kumi na moja?"

Nilitazama saa ya jikoni. Mshale ulikuwa kwenye nne na robo ya kwetu, kumi na robo ya Kiingereza. Hapo ndipo niliposikia, kwa masikio ya Koko, neno nililolisema kiwandani. Mwanangu, sijawahi kusikia baridi kama ile, na nyumba ilikuwa na moto wa kutosha. Mtawa amesafiri tangu alfajiri kutoka Columbus. Siku ya saba ni leo, haina kesho yake. Saa sita ikipita bila chakula, yule mzee aliyekufa atakwenda mikono mitupu, na mke wake aliyemshikilia siku saba kwa macho makavu atakuwa ameshikilia bure. Na sababu yake ni mimi.

Mama Khin aliingia jikoni, akaniuliza kwa macho. Nilipaswa kusema, nimekosea. Ni neno moja tu. Badala yake nikasema gari la wamama limekataa kuwaka.

Aliniangalia, akatikisa kichwa taratibu, akafungua friji akatoa mayai. Hakulalamika. Nilitamani anigombeze.

Basi nilikimbia. Nyumbani kwangu kulikuwa na maharage ya jana yenye mafuta ya mawese, na nusu sufuria ya lengalenga, mchicha wetu, niliyowapikia watoto. Nikapasha, nikasonga ugali haraka kuliko nilivyowahi kusonga, nikabeba vyote kwenye beseni nikapita nyuma ya uzio wa jirani, mvuke ukinipiga usoni. Mume wangu alifuata na sahani, akiuliza kuna nini, na mimi nikimjibu atembee tu. Mama Khin alikuwa amekaanga mayai na vitunguu. Saa tano na dakika ishirini, kwa saa yetu, meza ilikuwa imepangwa: wali wa Burma, ugali wa Kongo, maharage, lengalenga na mayai.

Hapo nilijifunza kitu kingine. Mtawa hajichukulii chakula. Hata kiwe mbele ya magoti yake, mpaka mtu amkabidhi ndipo kinakuwa chake. Kwa hiyo Mama Khin, Aung, mume wangu na mimi tulishika meza ile fupi kwa pembe zake nne, tukaiinua kidogo kutoka sakafuni, tukaiweka tena mbele yao. Basi. Ni kitendo kidogo kuliko kuinua ndoo. Lakini niliona uso wa Mama Khin wakati ule, na nikaelewa kwamba ni hilo alilokuwa anangoja wiki nzima.

Mtawa mzee alimega ugali, akauangalia, akamwambia Aung jambo. Aung akatafsiri kwa uso mzito kabisa.

"Anauliza kama hiki kinatafunwa au kinamezwa."

Mume wangu akajibu kwamba inategemea na njaa. Mtawa alicheka mpaka akavua miwani. Akala, tena akaongeza. Walimaliza zikiwa zimebaki dakika kumi saa sita itimie, na mimi nilizihesabu zote kumi.

Kisha wakasoma maneno yao, yule mzee akianza na kijana akifuata, sauti moja ya chini isiyopanda wala kushuka. Mama Khin alimimina maji kutoka jagi dogo, tone moja moja, na akanionyesha nishike bakuli. Niliposhika, nilisikia bakuli likiongezeka uzito kidogo kidogo mkononi. Mwishoni wote walisema neno lao mara tatu, lenye maana ya vema, vema, vema. Aung alitoka nje akamwaga maji yale chini ya mti wa uani, kwenye udongo ulioganda. Mama Khin alisimama dirishani akiangalia. Alisema polepole, nadhani akijiambia mwenyewe, kwamba sasa amekwenda.

Alasiri Aung aliwapeleka watawa kupumzika nyumbani kwa Waburma wenzao West Side, kisha akarudi. Mimi nilibaki kuosha vyombo. Nilikuwa nimewaza kumpigia Koko nimwambie wasije tena, lakini ningeanzaje? Nikaosha, nikaosha tena vilivyo safi.

Na saa kumi na moja kamili, niliwasikia. Wamama wa Kikongo, mwanangu, wakiambiwa saa ya msiba hawachelewi. Walikuwa kumi na wanne, magari manne, kila mmoja na kitenge chake kiunoni juu ya koti la baridi, sufuria zimefungwa kwa vitambaa. Na walikuwa wameanza kulia tangu kona ya barabara. Majirani walifungua mapazia. Koko Mapendo alitangulia, mkono mmoja kichwani, akimwita marehemu ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, akimuuliza kwa nini amemwacha mke wake katika nchi ya baridi.

Nilikimbilia mlangoni kuwazuia. Nilikumbuka niliyoelezwa kuhusu kilio katika nyumba ile. Lakini Mama Khin alinitangulia. Alifungua mlango wote, akasimama kizingitini akiwa na nguo yake ya nyumbani katika upepo ule. Koko alipanda ngazi, akamkumbatia, akamlalia begani akilia. Na Mama Khin akaanza kutetemeka. Kwanza mabega, kisha akatoa sauti ambayo sikujua mwili mwembamba kama ule unaweza kuwa nayo. Alilia kama mama wa kwetu. Walikwenda chini pamoja mpaka kwenye mkeka, na wengine wote wakaketi kuwazunguka, wakiimba na kulia, mpaka Aung, aliyekuwa amesimama ukutani kama mtu aliyekaza mkanda, naye akajifunika uso.

Baadaye, alipopata pumzi, nilipiga magoti karibu naye nikamuuliza kwa hofu kama tumevunja kitu.

"Hapana," akasema. "Amekwenda mchana. Sasa naruhusiwa."

Kama wangekuja saa tano za asubuhi, mwanangu, wangemkuta amefunga kilio kwa kufuli, na kilio chao kingemtesa. Walikuja baada ya kufuli kufunguliwa. Nilipoliona hilo, moyo wangu uliruka. Nikaanza kuwaza kwamba kumbe sikukosea.

Lakini Aung, kijana mwenye adabu, ambaye mama yake alikuwa amemwambia habari ya gari, alikuwa ametoka nje na sanduku la vyombo vyake vya kazi. Alirudi akamuuliza Koko, kupitia kwangu, ni gari lipi lililokataa kuwaka, ili alitengeneze kabla giza halijaingia. Nilisimama pale kama mkalimani aliyepoteza lugha zote mbili. Kijana wa mmoja wa wale wamama, aliyewaendeshea gari, akatafsiri badala yangu.

"Gari gani?" Koko akasema. "Magari yote iko mazima."

Aung alinitazama, akatazama vyombo vyake, akavirudisha sandukuni taratibu. Koko alinitazama zaidi. Kisha akainuka, akajifanya anaelekea jikoni kuangalia sombe, na aliponipita akasema nimfuate.

Jikoni alifunika sufuria, akaifunika vizuri, ndipo akaanza. Hakupandisha sauti.

"Weye mutoto. Ile gari ilitokea wapi?"

Nikamwambia yote. Saa, simu, mayai, uongo. Nikamalizia na lile lililokuwa likinifurahisha moyoni, kwamba labda ni Mungu aliyepanga, kwa sababu tazama jinsi yule mama alivyohitaji kulia jioni.

"Usimubebeshe Mungu kosa yako," akasema. "Yeye alifanya yake, na alifanya muzuri. Sasa ongea yako. Kukosea saa haiko kitu. Hata mimi nilikosea njia siku tulikimbia, nikapeleka batu kwa mto badala ya barabara. Lakini mimi nilikuuliza. Mara mbili. Ukaninyamazisha sababu mimi sijui Kiingereza. Na leo ukampatia mama mwenye kufiwa uongo, siku ya kuagana na bwana yake, mezani yake mwenyewe. Bon. Na mimi ukanivika gari yenye kuharibika."

Neno hilo la mwisho alilisema na kona ya mdomo imeinuka kidogo, na ndilo lililoniliza. Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe tangu kwenye ngazi, aliponiona uso. Lakini si yeye mwenye deni la kwanza.

Nilirudi sebuleni. Nilimwambia Mama Khin, mbele ya wamama wote na mbele ya Aung, kwamba gari halikuharibika. Kwamba yeye aliniambia saa sahihi, mara mbili, na mimi niliipeleka vibaya kwa watu wangu, na walipouliza sikuwasikiliza. Kwamba nilikaribia kuharibu siku ya mume wake, na nikaogopa kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilijua kwamba urafiki wetu wote uko katika jibu lake. Kisha akanielekeza kwa kidevu kwenye picha ya Mzee Hla. Kwao, mtu aliyemkosea marehemu humwomba msamaha yeye pia. Nilisita, kwa sababu mimi ni Mkristo, na watu wa kanisa langu walikuwa wananitazama. Nikamtazama Koko. Koko akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, kwamba kumwambia mzee samahani hakujawahi kumpeleka mtu motoni.

Nikasimama mbele ya picha nikamwambia kwa Kiswahili, lugha yangu ya kweli, kwamba nimemkosea na anisamehe. Nyuma yangu Mama Khin akasema, kwa Kiingereza chake cha kuokota, kwamba mume wake alikuwa anachelewa kila mahali maisha yake yote, hatakasirika. Nyumba ikacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akanivuta nikae karibu yake, Koko upande wa pili, na sufuria zikafunguliwa. Watu wa Burma waliotoka zamu walianza kuingia, wakakuta nyama, sombe, mihogo na wali. Mpaka leo baadhi yao wananiuliza nikikutana nao sokoni ile mboga ya majani ya mihogo tunaipikaje.

Tangu siku ile, misiba yao tunaijua na yetu wanaijua. Mzee wetu wa kwaya alipokufa, wanawake saba wa Burma walikuja bila kuitwa, wakaosha vyombo siku tatu, na Mama Khin alikuwa mbele yao. Sikuwahi kujivunia kitu katika nchi hii kama nilivyojivunia kuona wamama wa Kivu na wamama wa Burma wamesimama pamoja kwenye sinki moja, hakuna anayeelewa lugha ya mwingine, na hakuna sahani iliyovunjika. Watu husema sisi wakimbizi tulikuja mikono mitupu. Si kweli. Tulikuja tunajua kukaa na mtu aliyefiwa. Hilo hatukufundishwa na ofisi yoyote, na wenzetu wa Burma walikuja nalo pia, kwa namna yao.

Juzi mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Louisville. Anafanya kazi ghalani, na msimamizi wake, Mvietnamu, Mbuddha, amefiwa na mama. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, kama ni vibaya aende, na asipojua la kufanya atafanyaje. Nilimsimulia haya yote, na sasa nawe nimekusimulia.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Nenda. Mtu akifiwa, usikae nyumbani kwa kuwa sala zake si zako. Lakini usifike na desturi yako ukaimwaga mlangoni kwake kama maji ya kuoshea. Uliza kwanza: tulie au tunyamaze, tupike nini, saa ngapi. Wabuddha wenyewe hawafanani, Mvietnamu ana yake na Mburma ana yake, kwa hiyo usiseme unajua kwa sababu ulisikia kwangu. Ukisikia jibu, rudia kwa aliyekujibu, kisha rudia kwa mama yako kwa lugha yake yeye, kwa hesabu yake yeye. Akikuuliza mara ya pili, usichoke. Wewe unayejua Kiingereza ndiye daraja letu, na daraja halina haki ya kumkasirikia anayevuka polepole. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako. Usitafute gari la kulisingizia. Na jambo likigeuka zuri mbele yako, mshukuru Mungu kwa lililo lake, nawe bado ukaombe msamaha kwa lililo lako.

Mungu aliyewatoa babu zako milimani na kuwafikisha hapa, akutangulie. Akupe majirani wa kweli, wa dini yoyote na wa lugha yoyote. Akupe masikio yanayosikia swali la mzee mpaka mwisho. Akuweke mbali na misiba ya mapema, na ile isiyozuilika akupe nguvu ya kuibeba na watu wa kukaa nawe chini. Uishi sana, uzeeke vizuri, na wale utakaowaacha wasiogope kukutaja. Amina, mwanangu.